Lile, kile, ile

Mhariri, swali lenu la wiki hii, "Ukiagizwa kitu kimoja kati ya vingi, unakitambuaje?", limenirudisha kwenye meza ya shangazi yangu anayeuza mawese soko la Mwanga, hapa Kigoma. Nilimsaidia miaka miwili. Mikono yake ikishaloa mafuta hagusi kitu wala haonyeshi kwa kidole, anaagiza tu.

Nilichojifunza pale ni kwamba sikio halisubiri jina. Akianza, "Nipe lile...", nimeshaachana na ndoo na chupa, maana hizo ni "ile". Nabaki na dumu, beseni na kopo. Akisema "kile", mkono unakwenda moja kwa moja kwenye kikombe. Wanaolalamika kwamba ngeli ni mzigo wa kukariri shuleni hawajawahi kuagizwa na mtu mwenye haraka.

Mwaka 1995, mtafiti Michael Tanenhaus na wenzake huko Marekani waliandika katika jarida la Science jinsi walivyofuatilia macho ya watu walioagizwa kusogeza vitu vilivyo mbele yao. Macho yalikimbilia kitu mara tu maneno yalipotosha kukitenga na vingine, hata kabla sentensi haijaisha. Kiingereza hutanguliza sifa, kwa hiyo "-refu" au "-ekundu" huwasaidia wasikilizaji wake mapema. Kwetu sifa huja nyuma ya jina, ila "lile" imeshafika zamani.

Na sifa hiyo ina mitego yake. Siku moja shangazi akasema, "Lete lile dumu dogo." Mezani palikuwa na dumu moja tu, la lita tano. Nikaliacha palepale, nikainama uvunguni kusaka jingine dogo zaidi, mteja akitutazama. Sikuwa mjinga (yeye alisema nilikuwa). Mtu akikutajia "dogo", unadhani kuna kubwa lake mahali fulani. Kama lipo moja, hilo neno la nini? Jioni akakiri kwamba lilimtoka tu.

Kisa cha beseni ndicho kilichonishangaza zaidi. Tulikuwa na beseni jeupe lililomeguka ukingoni, tukaliita "beseni la pengo". Baada ya wiki tatu "pengo" pekee lilitosha. Asubuhi moja akaniambia, "Lete beseni jeupe," nikazubaa, nikidhani amenunua jipya. Mteja angelitaja hivyo nisingesita, kwa sababu yeye hakuwamo katika mapatano yetu. Watafiti Charles Metzing na Susan Brennan walichapisha jambo hilihili mwaka 2003: msikilizaji huchelewa pale mtu yuleyule anapoliacha jina walilolizoea pamoja bila sababu, lakini mgeni akija na jina jipya, msikilizaji hachelewi hivyo.

Nilimwomba shangazi arudi kwenye "pengo". Akanitazama, mikono imejaa mafuta.

"Wewe leta beseni. Mteja anasubiri."