Makohozi hayana TB, kwa nini mama akatwe kipande cha ngozi?

SWALI: Assalaam alaykum, daktari. Mama yangu alivimba tezi ya shingo, ikapasuka, sasa ni kidonda cha usaha kisichofunga. Hakohoi. Makohozi yake yamepimwa kwa GeneXpert, hakuna TB. Sasa anatakiwa akatwe kipande cha ngozi kikapimwe kwa mashine ileile. Kuna haja gani? Msomaji, Konde, Pemba.

JIBU: Waalaykum salaam, ndugu yangu. Haja ipo, tena kubwa. Mashine husoma kile ilichotiliwa tu. Makohozi hutoa habari za mapafu. TB iliyoanzia kwenye tezi ikatobokea ngozini huenda isionekane humo kabisa.

GeneXpert hutafuta vinasaba vya bakteria wa TB na kuangalia kama wamekuwa sugu kwa rifampisini, dawa kuu ya TB, na majibu hupatikana kiasi cha saa 2. Kuotesha bakteria maabara huchukua wiki kadhaa, hadi 8. Tatizo la ngozi ni kwamba mara nyingi bakteria huwa wachache. Kidonda cha tezi kama cha mama kwa kawaida huwa nao wengi kuliko yale mabaka ya TB yanayotambaa usoni polepole kwa miaka. Toleo la GeneXpert liitwalo Ultra, lililopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2017, linawanasa hata wakiwa wachache zaidi. Pamoja na hayo, jibu la “hakuna” kutoka kwenye ngozi halitoshi peke yake kuiondoa TB.

Ninalokusihi ulisimamie ni hili: kabla mama hajakatwa, uliza kipande kinatiwa kwenye nini. Kikitumbukizwa chote kwenye fomalini, yaani dawa ya kuhifadhia nyama ya mwili isioze, bakteria wanakufa, hawaoteki tena, na vinasaba vinaharibika. Sehemu moja iende kwenye fomalini kwa ajili ya hadubini. Nyingine itiwe kwenye salaini (maji ya chumvi ya hospitali) safi, ipelekwe upesi kwa GeneXpert na kuoteshwa. Hilo likikosewa, mama atakatwa mara ya pili bure.

Apimwe na VVU, apigwe picha ya kifua. Wakati mnasubiri, msimnunulie siprofloksasini, dawa ya kuua bakteria, dukani: inaweza kuituliza TB kwa muda na kuvuruga vipimo.

Ikithibitika, dawa kwa kawaida ni za miezi 6. Kupona kwake kutaangaliwa kwa kidonda kufunga na tezi kunywea. GeneXpert haifai kwa kazi hiyo, maana husoma hata vinasaba vya bakteria waliokwishakufa.