Mpira Umepasuka, Unalaumu Valvu

Maswali ya safari hii karibu yote ni ya magari yenye tabo (feni inayosukumia injini hewa), na mengi yanaanza na neno "nimeshabadilisha". Nani kawaambia muanze na kubadilisha?

Nimefunga blo-ofu (valvu ya kupunguza hewa ya tabo ukiachia mafuta), ile inayotoa hewa nje. Sasa nikiachia mafuta nikiwa nakaribia kusimama, gari linazima. Nimeuziwa valvu mbovu?

Valvu ni nzima, gari ndilo si lake. Kama lina MAF, sensa inayopima hewa inayoingia, kabla ya tabo, kompyuta imeshaihesabu ile hewa na kuiandalia mafuta yake, halafu wewe unaitema nje. Mafuta yanabaki bila hewa, moshi mweusi unatoka, injini inakabwa na kuzima. Valvu ya kiwandani ilikuwa inairudisha hewa hiyo kwenye mpira wa kuingilia tabo, baada ya sensa, ndiyo maana ulikuwa husikii kitu. Magari yanayopima kwa MAP (sensa ya shinikizo) peke yake hayana shida hiyo, kwa sababu sensa yao inasoma hewa iliyokwisha kufika kwenye manifodi, mabomba yanayoigawa kwa silinda. Rudisha ya zamani. Najua ulinunua mlio. Mlio hauongezi nguvu hata ya farasi mmoja, na plagi zikishajaa masizi utaulipia mara ya pili.

Gari langu ni la dizeli. Nifunge blo-ofu ya aina gani?

Usifunge. Dizeli haipunguzwi mwendo kwa kuifungia hewa kama petroli, kwa hiyo hakuna hewa inayogonga throto, ule mlango wa hewa wa injini, na kurudi kwenye tabo. Hili nimelijibu mpaka nimechoka.

Taa ya injini imewaka, kodi ni P0171. Fundi anasema ninunue sensa ya oksijeni.

Mjumbe hauawi. Sensa imeleta taarifa kwamba hewa imezidi mafuta, basi, mambo mengine mtafute wenyewe. Chomeka mashine ya kusoma kodi, tazama asilimia ya mafuta ambayo kompyuta inaongeza. Ikiwa gari likinguruma bila kukanyagwa inasoma, tuseme, 20, kisha ukishikilia mizunguko 2,500 kwa dakika inashuka karibu na sifuri, kuna hewa inayoingia kwa wizi baada ya throto. Injini ikiwa imetulia inavuta hewa kidogo, kwa hiyo tundu dogo linaonekana kubwa, ukikanyaga linamezwa. Asilimia ikipanda kadiri unavyokanyaga, achana na mipira, kaangalie pampu na chujio la mafuta, au MAF chafu.

Halafu bana mipira ya vakyumu (inayopitisha mvuto wa hewa wa injini) mmoja mmoja kwa koleo lililofungwa kitambaa. Ngurumo ikibadilika, uko kwenye tawi lenyewe. Niliwahi kuhangaika siku nzima na gari lililokuwa zima asubuhi na kutetemeka likishapata moto. Mpira wa blo-ofu ulikuwa mweusi, unang'aa, ungedhani umefungwa jana. Nilipoisogeza klipu ufa ukafunguka chini yake kama mdomo, urefu wa ukucha. Injini ikiwa ya baridi ulikuwa unafumba. Fundi aliyenitangulia alikuwa ameshauza sensa mbili.

Na acheni kupulizia dawa ya kusafishia kabureta juu ya tabo yenye moto mkiita "kupima". Inawaka.

Tabo haisukumi kama zamani. Nibadilishe tabo?

Kwanza ziba mdomo wake wa kuingizia hewa kwa kizibo chenye nipo ya tairi, ujaze hewa taratibu. Usizidishe shinikizo ambalo gari lenyewe hutoa; kwa mengi bar 1 inatosha. Weka regyuleta, maana tangi la kompresa lina bar 7 au 8 na litafumua sili za injini. Throto iwe wazi. Ikifungwa, hewa inasukuma blo-ofu kutoka chini bila ya kuishikilia kutoka juu, nayo itafunguka hata kama ni nzima, utaitupa bure. Pakaa maji ya sabuni kwenye kila kiungo, hasa klampu za intakula (kipoza hewa ya tabo) na sili za injekta. Mvumo mdogo kwenye egzosi usikutishe, kuna valvu za injini zilizo wazi.

Diaframu ya blo-ofu ina kipimo chake: bomba la sindano la mililita 60 na kipande cha mpira. Chomeka kwenye nipo ya juu, vuta, shikilia, kisha achia. Bomba likirudi lenye nguvu, diaframu inashika. Ukivuta likawa jepesi mpaka mwisho, imechanika. Kama valvu yako ina waya badala ya mpira, hii haikuhusu.

Mpira wa blo-ofu nimeuunga kwa T kwenye ule wa westigeti (valvu inayozuia tabo isizidishe shinikizo). Ni sawa?

Hapana, na ufungue leo. Mpira wa westigeti unatoka kwenye tabo, kabla ya throto, haupati vakyumu kamwe, kwa hiyo blo-ofu haitafunguka. Baya zaidi, kiungo hicho kikivuja westigeti inadanganywa kwamba shinikizo ni dogo, tabo inazidi kusukuma, na pistoni hazina spea ya bei rahisi. Blo-ofu ipewe mpira wake peke yake, mfupi, kutoka kwenye manifodi.

Nikiachia mafuta inalia tututututu.

Hewa inarudi kwenye tabo. Springi ngumu mno, au mpira wa vakyumu umeziba au umepasuka. Anza na mpira.

Gari langu lina shida ya vakyumu, nisaidie.

Gari gani? Linafanya nini? Lini?

Tangu fundi aguse mipira, breki imekuwa ngumu na injini inatetemeka nikikanyaga breki.

Mpira mnene wa buster ya breki (chungu kinachousaidia mguu kwa vakyumu) haujakaa, au ile valvu yake ya kupitisha upande mmoja imegeuzwa. Zima injini, kanyaga breki mara tano, shikilia mguu, washa: pedali isiposhuka kidogo, buster haipati vakyumu. Mengine yote niliyojibu hapo juu unaweza kuyaendesha mpaka kwa fundi. Hili livutwe.