Barabara ya Kwenu Inapogeuzwa Mkondo wa Mbio

Mwelekezi kijana wa hapa Malindi, yaani yule anayekaa kando ya dereva wa mbio na kumsomea njia, alinijia nyumbani wiki mbili zilizopita akiwa na kitabu cha kanuni za mbio za magari, naye alikuwa amepiga mstari chini ya sentensi moja. Sentensi hiyo ilisema kwamba tangu maelezo ya mashindano yatangazwe, hakuna dereva wala mwelekezi aliyejiandikisha, au anayenuia kujiandikisha, anayeruhusiwa kupita kwa gari katika barabara zitakazotumika bila idhini ya maandishi ya waandalizi, isipokuwa yule anayejulikana kuwa mkazi wa eneo hilo. Kijana huyu ni mkazi. Kwao ni Kakoneni, na mojawapo ya barabara zilizochaguliwa inapita mbele ya shamba la babu yake. Akaniuliza, "Ami, hii si ruhusa?"

Nilimjibu kwamba ni ruhusa, kisha nikamwomba aketi, kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kuitumia ruhusa hiyo hiyo na hadi leo sina amani nayo. Ninayoyaandika hapa ndiyo niliyomweleza jioni ile, na ninawaandikia vijana wote wa Pwani wanaoingia katika mchezo huu, hasa wale wanaokaa kiti cha kushoto na kusoma noti.

Kwa asiyeuzoea mchezo wenyewe, nieleze kidogo. Katika rali, magari hayashindani bega kwa bega. Kila gari huachiwa peke yake kwenye mkondo uliofungwa na kupimwa kwa saa, na dereva huenda kwa kasi kubwa kuliko inavyoruhusu macho yake, kwa kuwa mwelekezi anamsomea yaliyo mbele: kulia 3 (namba huonyesha ukali wa kona), mita 80, mwamba kushoto, usikate kona. Noti hizo huandikwa siku za ukaguzi wa njia. Katika mashindano ya dunia kila gari hupita mara 2 tu katika kila mkondo, kwa mwendo uliowekewa kikomo. Kikomo hicho kiliwekwa ili mwenye fedha asije akapiga kambi wiki nzima akiikariri barabara huku mwenzake asiye na uwezo akifika siku moja kabla, na pia ili mbuzi na watoto wa vijijini wasisumbuliwe na magari ya mazoezi. Mkazi aliachiwa nafasi yake kwa sababu iliyo wazi: huwezi kumzuia mtu kurudi kwao.

Sasa nieleze tulichofanya. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mwelekezi wa dereva ambaye kwao ni upande wa Langobaya, na mashindano madogo ya klabu yakaletwa katika barabara za vumbi za huko. Tangu kutangazwa kwa njia hadi siku ya ukaguzi rasmi kulikuwa na siku 9. Katika siku hizo tulipita kwenye mkondo mrefu mara 6, tukiwa ndani ya Probox ya mjomba wake. Mara ya kwanza tulikuwa na sababu ya kweli, kwani kulikuwa na matanga. Mara ya pili tulipeleka gunia la unga kwa wafiwa. Kuanzia mara ya tatu hatukupeleka kitu chochote isipokuwa daftari langu.

Tuliijua barabara ile kama mtu ajuavyo ua wa nyumba yake. Tulijua kwamba baada ya mbuyu wa pili njia inaonekana kunyooka, lakini inainama ghafla kushoto kuelekea drifti kavu, yaani kivuko cha kijito, na kwamba kwenye ukingo wa kona ile kuna jiwe lililofunikwa na nyasi, mahali hasa ambapo dereva mgeni angependa kupitisha gurudumu la ndani ili kuifupisha kona. Asubuhi ya mashindano, mwelekezi wa gari lililotoka bara, mtu mzima aliyenizidi umri na uzoefu, alinifuata kwenye foleni ya magari akanisalimu kwa adabu, kisha akaniuliza: "Ninyi ni wenyeji. Kuna mahali pa kuogopa?" Nikamwambia kwamba njia ni ya kawaida tu.

Waligonga lile jiwe. Rimu ilipasuka, gurudumu la mbele likalala, na safari yao ikaishia pale. Namshukuru Mungu kwamba hakuna aliyeumia. Sisi tulishinda, na jioni yule mzee alikuja kunipa mkono, akaniambia kwa moyo mweupe kabisa, "Mcheza kwao hutunzwa." Nilishindwa kumtazama usoni.

Kwa muda mrefu nilijitetea kwa historia, na utetezi huo si wa bure. Safari Rally ilianza mwaka 1953, na tangu mwaka huo hadi 1971 hakuna dereva kutoka nje ya Afrika Mashariki aliyewahi kuishinda. Hannu Mikkola wa Ufini ndiye aliyeuvunja mwiko huo mwaka 1972. Joginder Singh, aliyeshinda mwaka 1965 na kurudia mwaka 1974 na 1976, na Shekhar Mehta, aliyeshinda mara 5, walikuwa watu wa hapa waliolijua tope letu, vumbi letu na mito yetu inayojaa usiku mmoja. Enzi hizo mbio zilipita katika barabara zilizo wazi kwa watu wote, na timu kubwa za ng'ambo zilikuja kufanya mazoezi kwa majuma kabla ya siku yenyewe. Hakuna aliyesema kwamba mwenyeji anadanganya kwa kuwa mwenyeji, nami sisemi hivyo. Maarifa aliyoyapata mtu kwa kuishi mahali ni yake, na mgeni anapaswa kuyaogopa.

Lakini kupita mara 6 kwa siku 9 hakukuwa kuishi. Dereva wangu alizaliwa pale, na kama angetegemea yale aliyoyajua tangu utotoni, angeshinda au angeshindwa kwa haki yake. Tulichofanya ni kuyatafuta maarifa mapya kwa makusudi, tukiwa tumejifunika ukazi, na kuufanya msiba wa watu kuwa kibali chetu. Mkazi aliachiwa mlango ule ili aende shambani, kisimani na mazikoni. Sisi tuliupita tukiwa na kalamu.

Sitaki msomaji adhani kwamba nawafundisha vijana kuziogopa kanuni au kuzitumia nusunusu. Mwelekezi asiyekijua kitabu kizima, pamoja na nyongeza zinazobandikwa usiku wa kuamkia mashindano, anamwibia dereva wake. Chukua mfano wa vituo vya muda, ambako kila gari hutakiwa kufika kwa dakika yake iliyopangwa. Katika mashindano ya dunia, ukichelewa kufika kituoni unaadhibiwa sekunde 10 kwa kila dakika, lakini ukiwahi kabla ya dakika yako unaadhibiwa dakika nzima kwa kila dakika uliyowahi. Mwaka mmoja injini yetu ilianza kuchemka katikati ya barabara ya kawaida kati ya mikondo. Dereva alitaka kukimbilia kituoni, nami nikamsimamisha, tukaiacha ipoe, tukafika tumechelewa dakika 3 na kulipa sekunde 30. Washindani wawili walinung'unika kwamba tumepata mapumziko ambayo wao hawakuyapata. Niliwaonyesha ukurasa, kwa kuwa bei ilikuwa imeandikwa, tuliilipa, na yeyote kati yao angeweza kuilipa.

Hilo hufanywa hata na mabingwa. Kwenye barabara ya changarawe au theluji laini, gari linalotangulia huwafagilia wenzake njia, na wa nyuma hupata mshiko mzuri zaidi. Katika mashindano ya Sweden ya mwaka 2018, Sébastien Ogier alichelewa kwa makusudi dakika 4 kuingia mkondo wa mwisho wenye alama za ziada, akakubali adhabu ya sekunde 40, ili aanze nyuma ya wengine. Wapo waliochukizwa. Mimi nauheshimu uamuzi ule, kwa sababu kila mtu aliyesimama pale aliona saa, aliona adhabu, na alielewa kinachofanyika kilipokuwa kinafanyika. Ulinganishe na timu ya Toyota mwaka 1995, ambayo kizuizi cha kupunguza hewa inayoingia kwenye tabo (kifaa kinachosukuma hewa ndani ya injini) kilitengenezwa kwa namna ya kupitisha hewa ya ziada kinapofungwa kwenye injini na kuonekana halali kinapofunguliwa na wakaguzi. Ulikuwa ufundi wa hali ya juu sana, na malipo yake yalikuwa kufutiwa alama na kufungiwa miezi 12.

Sisi hatukuwa kama Ogier wala kama Toyota. Hatukuvunja kanuni hata moja, na bado tulifanya kila tuwezalo ili washindani wasijue. Ndiyo maana siku hizi swali ninalojiuliza kabla ya kuutumia ujanja wowote ni hili: je, naweza kumweleza mshindani wangu asubuhi, kabla ya gari la kwanza kuondoka? Dakika 3 za kupoza injini ningemweleza mtu yeyote. Safari 6 za Probox sikuweza kumweleza mtu aliyeniuliza ana kwa ana.

Kuna eneo moja ambalo hata swali hilo silihitaji. Kila gari la mbio hubeba bango lenye maneno OK upande mmoja na SOS kwa rangi nyekundu upande wa pili, pamoja na pembetatu ya kuwekwa angalau mita 50 nyuma ya gari lililokwama. Ukiona SOS, unasimama. Muda utakaoupoteza hutengenezewa hesabu na waamuzi, na utapewa muda wa haki. Nimewahi kusikia waelekezi wakipanga kusema kwamba vumbi liliwazuia kuliona bango, na wengine wakiongeza sekunde katika maombi yao ya fidia. Kijana, usiketi gari moja na mtu wa namna hiyo. Siku moja utakuwa wewe uliyebanwa chini ya chuma.

Kuhusu malalamiko rasmi, nitasema machache. Peleka lalamiko ikiwa kosa la mwenzako lilimpa faida au lilihatarisha watu. Ushindi wa mezani unaotokana na kitu kidogo haumkai mtu vizuri. Mwaka 1966 katika rali ya Monte Carlo, gari tatu aina ya Mini zilizoshika nafasi 3 za kwanza ziliondolewa kwa sababu ya taa, na ushindi akapewa Pauli Toivonen aliyeendesha Citroën, ambaye mwenyewe hakuufurahia. Wapenzi wa mbio wanapoutaja mwaka ule, huanza kwa kuzitaja Mini.

Nirudi kwa yule mzee wa bara. Misimu miwili baadaye nilimpigia simu nikamweleza yote, idadi ya safari, matanga na daftari. Alikaa kimya, kisha akauliza jambo moja tu: "Lile jiwe mlilijua?" Nikamwambia ndiyo. Akasema kwamba safari 6 angezisahau, kwa kuwa hata yeye kwao ana barabara zake, lakini alipouliza kuhusu hatari alikuwa ameuliza kwa ajili ya maisha ya watu wawili. Tangu siku hiyo nimeelewa kwamba nilikuwa nimeyachanganya makosa mawili. La kwanza lilikuwa la mchezo na lingeweza kujadiliwa. La pili lilihusu uhai, na hakuna kitabu cha kanuni kinachohitajika ili kulijua. Kwetu tunasema mgeni njoo mwenyeji apone, na mimi mgeni wangu nilimwacha aende kugonga jiwe.

Kwa hiyo nilimshauri kijana wa Kakoneni kama ifuatavyo. Aende kwao kila anapohitaji kwenda. Kabla ya kwenda, amwandikie mkurugenzi wa mashindano barua fupi hata kama kanuni haimlazimishi, ataje siku, sababu na gari, na aombe barua hiyo ibandikwe pale washindani wote wataiona. Ikiwezekana, aendeshwe na mtu mwingine, asiyehusika na mbio. Asibebe daftari, wala asirekodi kwa simu. Akili yake itaokota kitu njiani, hilo halizuiliki, na ni halali yake kama mzaliwa wa pale. Na mgeni yeyote akimuuliza kuhusu hatari, amtajie kila jiwe analolijua, kwa mita na kwa upande.

Aliniuliza kama hiyo haitampotezea ushindi. Nilimwambia kwamba huenda ikampotezea, na kwamba sekunde chache zitakazopotea anaweza kuzitafuta katika usomaji wake, kwa sababu bado anachelewa kutamka noti kwenye kona zinazofuatana upesi. Tuliifanyia kazi kasoro hiyo kwa saa nzima, mimi nikiendesha kwa mikono mitupu kwenye kiti cha sebuleni na yeye akisoma.

Barua aliiandika hapo hapo mezani. Alhamisi atakwenda kumchukua babu yake kumleta kliniki hapa mjini, atamrudisha jioni, na gari litaendeshwa na dada yake. Daftari lake ameliacha kwangu, limo ndani ya saraka, na atalifuata asubuhi ya ukaguzi rasmi.