Nani Kakwambia? Nilivyohangaika na Vyanzo vya Makala ya Bendi

Makala yangu ya kwanza kwenye Wikipedia ya Kiswahili ilikuwa ya Msondo Ngoma, na niliiandika usiku mmoja bila kufungua kitabu hata kimoja. Kitabu cha nini? Nimekulia Ilala, redio ya baba ilikuwa haizimwi, na nyimbo za Msondo nilizijua kabla sijajua jedwali la kuzidisha. Nikamwaga yote: bendi ilianza lini, nani aliimba, nani alihama, nani alinuniana na nani. Asubuhi nikakuta juu ya makala pamebandikwa kwamba haina vyanzo. Nikapandwa na hasira. Nikaingia ukurasa wa majadiliano, nikaandika kwamba mambo haya Dar es Salaam nzima inayajua. Mhariri mmoja akanijibu kwa maneno mawili tu: "Nani kakwambia?"

Siku ile niliona ananifanyia jeuri. Leo ni miaka kadhaa, na swali hilo ndilo ninaloanza nalo kila ninapotaka kuandika juu ya bendi.

Waliopita madrasa watanielewa upesi. Ustadhi akisoma hadithi haanzi na maneno yenyewe. Anaanza na mlolongo: fulani kapokea kwa fulani, naye kapokea kwa fulani. Utotoni tulikuwa tunasinzia hapo, tukisubiri kisa. Kumbe kazi yote ilikuwa pale. Habari haipati nguvu kwa kusemwa na watu wengi, inapata nguvu kwa aliyeisema wa kwanza na kwa namna alivyoweza kuijua. Na habari za muziki wetu wa dansi zimejaa wasemaji wengi na wapokeaji wachache.

Mfano wa karibu. Niliporudi kutafuta vyanzo vya Msondo, nilikuta tovuti kumi na moja zinazosimulia historia ya bendi. Nikafurahi, nikaanza kuzipanga kwenye marejeo. Nilipozisoma moja baada ya nyingine, nikaona neno "wanamuziki" limekosewa herufi ileile, kwenye sentensi ileile, katika zote kumi na moja. Hizo si tovuti kumi na moja. Ni mtu mmoja aliyeandika, na wengine kumi walionakili na kubandika. Huyo mmoja naye hakusema kaipata wapi. Tangu hapo, nikikuta habari inayopendeza, nachukua sentensi moja ndefu, naiweka kwenye alama za kunukuu, naitafuta mtandaoni. Ikijirudia neno kwa neno kila mahali, nahesabu chanzo kimoja. Na mara nyingi hata hicho kimoja nakiacha.

Halafu kuna majina. Hapa ndipo wengi wanakata tamaa mapema na kusema "bendi hii haijaandikwa popote". Imeandikwa, ila kwa jina jingine. Msondo ilianza 1964 ikiitwa NUTA Jazz, kwa jina la chama cha wafanyakazi kilichoimiliki. Baada ya CCM kuzaliwa 1977, chama kile kikawa JUWATA, na bendi ikavaa jina hilo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikaja OTTU, bendi nayo ikawa OTTU Jazz. Msondo Ngoma ndilo jina lililobaki mwishoni. Sasa wewe ukitafuta "Msondo" kwenye magazeti ya miaka ya sitini utaletewa msondo wenyewe, ngoma ya unyagoni. Majina ya watu ni hivyohivyo: Muhidin na Muhiddin, Bichuka na Bitchuka, Mwinshehe na Mwishehe. Kabla sijaanza kutafuta naandika kwenye daftari kila namna ambayo mhariri wa gazeti mwenye haraka angeweza kulikosea jina hilo.

Lakini majina hayohayo yanasaidia kukamata uongo, na sehemu hii naipenda kuliko zote. NUTA yenyewe iliundwa 1964, baada ya serikali kulivunja shirikisho la vyama vya wafanyakazi lililokuwepo. Kwa hiyo anayekwambia NUTA Jazz ilitikisa Dar es Salaam mwaka 1962 amejifunga mwenyewe. Bendi ya Mlimani Park nayo, Sikinde, ilianzishwa 1978 na ilikuja kuchukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam, 1983. Ukiona mahali pameandikwa "DDC Mlimani Park" kando ya wimbo wa 1980, ujue jina limepachikwa baadaye, na huenda mwaka nao umepachikwa hivyohivyo. Hukumu hii usiiandike kwenye makala kama ugunduzi wako, maana Wikipedia haipokei utafiti wako binafsi. Itumie tu kujua chanzo gani ukiamini na kipi ukipite bila kukitazama.

Mwaka wa wimbo una mtego wake. Kwa miaka mingi bendi za Tanzania zilirekodi kwenye studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, na santuri zikachapwa Nairobi. Kwa hiyo wimbo unaweza kuwa na mwaka wa kurekodiwa, mwaka wa santuri, na mwaka wa CD iliyotoka Ulaya baadaye. Ule ulioandikwa nyuma ya CD mara nyingi ni huo wa mwisho. Nimewahi kumwona mtu anabisha kwa nguvu zote kwamba wimbo fulani ni wa miaka ya tisini, na ushahidi wake ni CD. Mwimbaji alikuwa ameshafariki kabla.

Na usitafute upande mmoja wa mpaka. Ndugu wawili wa Tanga, Wilson na George Peter Kinyonga, walianzia Jamhuri Jazz hukohuko Tanga, wakapitia Arusha, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakavuka kwenda Kenya, ikazaliwa Simba Wanyika. Mwaka 1978 bendi ikagawanyika, wakatoka Les Wanyika. Ukiisaka habari yao kwenye magazeti ya Dar es Salaam peke yake utarudi na mikono mitupu, utadhani hawakuwahi kuwepo. Wako Taifa Leo, wako kwenye magazeti ya Nairobi. Mbaraka Mwinshehe, mwimbaji na mpiga gitaa, ni wa Morogoro, lakini ajali iliyomuua Januari 1979 ilitokea Mombasa, kwa hiyo upande wa Kenya nao una lake la kusema.

Sasa twende maktaba, maana chanzo si lazima kiwe mtandaoni. Watu wengi hawalijui hili. Gazeti la karatasi lililofungwa kwenye jalada ni chanzo halali kabisa, mradi useme jina la gazeti, tarehe, ukurasa na mwandishi kama yupo. Nilikwenda Maktaba Kuu pale barabara ya Bibi Titi Mohamed, na siku nyingine sehemu ya East Africana katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Majalada ya magazeti ya zamani ni mazito, karatasi zimekuwa rangi ya chai ya maziwa, na ukifunua kwa pupa kona inabaki mkononi. Siku ya kwanza nilipiga picha habari tatu nzuri sana, nikarudi nyumbani nikichekelea, kisha nikagundua sikupiga juu ya ukurasa penye tarehe. Nauli ya kwenda na kurudi, na foleni ya Ubungo juu yake. Siku hizi napiga kwanza kichwa cha gazeti, halafu namba ya ukurasa, halafu habari yenyewe.

Humo ndani usipuuze matangazo ya dansi. Tangazo dogo la Jumamosi, lenye jina la bendi, ukumbi na kiingilio, linakuthibitishia kwamba siku ile bendi ilikuwepo na ilikuwa ikiitwa hivyo. Halithibitishi kwamba bendi ni maarufu, kwa sababu tangazo amelipia mwenye shughuli. Na tazama gazeti ni la nani. NUTA ilikuwa na gazeti lake, Mfanyakazi. Likikwambia NUTA Jazz imesafiri mkoa fulani, lichukue. Likikwambia NUTA Jazz haina mpinzani nchini, hapo ni baba anamsifia mwanawe.

Kwenye vitabu nitapita haraka. Kelly Askew ametoa kitabu 2002 juu ya muziki na siasa za Tanzania, utafiti wake kwa sehemu kubwa ulikuwa Tanga. Alex Perullo ametoa chake 2011 juu ya muziki wa Dar es Salaam na uchumi wake. Werner Graebner amehariri mfululizo wa CD za Zanzibara kwa kampuni ya Buda Musique ya Ufaransa, na vijitabu vya ndani vya CD hizo vinafaa sana. Inauma kidogo kwamba majina ya kwanza yanayonijia ni ya wageni. Ila usiishie kwenye kurasa zao, nenda kwenye tanbihi. Huko utakuta magazeti ya Kiswahili, tasnifu za vyuo vyetu na mahojiano waliyofanya na watu wetu.

Wazee wenyewe je? Nilimtembelea mpiga tarumbeta mmoja wa zamani, Temeke. Nikamwamkia, nikakaribishwa kahawa, nikatoa daftari.

"Mzee, mliurekodi ule wimbo mwaka gani?"

"Mwaka nitaujuaje, mwanangu? Muulize aliyeshika kalenda. Mimi nilishika tarumbeta."

Nikacheka, nikabadilisha swali. Ilikuwa kabla ya Vita vya Amin au baada? Kabla, akasema bila kusita, maana mmoja wao alikwenda vitani na kwenye wimbo alikuwemo. Baada ya Azimio la Arusha? Ah, baada, tena sana. Uhaba wa unga, ule wa kula unga wa njano? Palepale, akasema, walilipwa wakaenda kupanga foleni ya unga. Kwa maswali matatu nikawa na miaka michache ya kutafuta badala ya kumi na tano, na niliporudi maktaba nilijua nifungue jalada lipi. Ndiyo faida ya mzee. Kumweka kwenye marejeo huwezi, kwa sababu msomaji hana namna ya kuyahakiki mazungumzo yenu ya barazani. Kama ana mengi, mpeleke kwa mwandishi wa gazeti au mtafiti wa chuo amhoji na kuchapisha. Hapo sasa atanukuliwa, japo kwa mambo yake mwenyewe zaidi kuliko kwa sifa za bendi yake.

Chanzo kingine kizuri ni tanzia, ingawa nakisema kwa huzuni. Magazeti yetu huikumbuka bendi ikifiwa. Mwimbaji Muhidin Gurumo alipofariki Aprili 2014, na mwanamuziki Remmy Ongala Desemba 2010, ziliandikwa kurasa ambazo hazikuwa zimeandikwa kwa miaka. Lakini tanzia huandikwa jioni moja, na mwandishi mwenye haraka anafungua kilicho karibu. Kilicho karibu ni Wikipedia.

Hili limenipata mwenyewe. Katika ile makala yangu ya usiku mmoja nilikuwa nimeweka mwaka ambao mwanamuziki fulani alihamia bendi nyingine. Niliutoa kichwani. Miaka miwili baadaye gazeti moja likauchapisha vilevile katika habari ya msiba wake. Mtu mwema akauona, akaja kwenye makala yangu, akaweka gazeti hilo kuwa chanzo cha mwaka ule. Nilipoona nilikaa kimya muda mrefu. Mlolongo mzima wa wapokezi ulianzia kwangu na kuishia kwangu. Nikaufuta mwaka, nikaeleza sababu kwenye majadiliano. Sasa kila nikitumia gazeti la karibuni natazama kwanza historia ya makala: hiyo habari iliingia Wikipedia kabla ya gazeti kutoka, au baada?

Wenye bendi changa wananiandikia sana kuomba niwaandikie makala. Jibu langu ni fupi. Kurasa zenu za Instagram, maelezo ya chini ya video na taarifa mnazowatumia waandishi ni maneno yenu. Wakishaandika juu yenu watu wawili watatu wasiolipwa nanyi, kwa kirefu, nirudieni. Wengine wananuna.

Makala ya Msondo leo ni fupi kuliko nilivyoiandika mwanzo. Ugomvi wote umetoka. Yule mzee wa Temeke alisomewa na mjukuu wake, akanipigia simu.

"Mbona mimi simo?"

Nikamwambia bado sijapata chanzo kinachosema alipiga tarumbeta kwenye wimbo ule.

"Basi huyo Chanzo ukimpata," akasema, "mlete hapa nyumbani, nimpigie asikie."