Kuuza kiwanja ili binti asomee urubani

Mama, umeuliza kama uuze kiwanja cha Mikindani ili binti yako asomee urubani. Mtangulize kwanza kwenye vipimo vya afya vya daraja la kwanza, vile anavyotakiwa kupita rubani wa kibiashara, kwa kuwa cheti cha vipimo hivyo huisha muda na kufanywa upya, na kasoro moja ya moyo yaweza kumzuia hata baada ya karo yote kulipwa. Leseni ya kibiashara kwa kawaida hudai saa 200 za kuruka, kisha wengi husota bila ajira. Raha ipo, sikatai: kushuka na ndege alfajiri juu ya bandari ya Kilindini, meli zikingoja gati, si jambo dogo. Ila Idi nyingi atazikosa akiwa kazini. Ikiwa anapenda mashine, ufikirieni pia ufundi wa ndege, ambao haudai vipimo vikali namna hiyo.