Usifunge viti vya baketi kwenye bati tupu

Ndugu, umesema fundi anataka kutoboa sakafu ya Ford Escort Mk1 yako (toleo la kwanza la gari hilo), afunge baketi, yaani viti vya mbio vinavyokumbatia mwili, kwa boliti na washa kubwa (kisahani cha chuma chenye tundu), basi. Mkatalie. Kiti changu kilifungwa hivyo hivyo. Barabara za vumbi zikaanza kupasua bati kuzunguka tundu, kiti kikawa kinacheza kama jino bovu. Ukigonga kitu, washa inang'oka na bati lake.

Toa kapeti, dunga sakafu kwa bisibisi. Ikizama ni kutu: kata, chomelea bati jipya kwanza.

Halafu weka vibao vya chuma chini ya sakafu. Kanuni za mashindano za FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, zinataka angalau pointi nne za kufungia kwa kila kiti, boliti zisizopungua milimita 8, chuma kisichopungua milimita 3, na mgusano wa sentimita 40 za mraba kila pointi. Kona za vibao zipigwe tupa ziwe duara, maana kona kali hukata bati. Mimi ningeongeza pau mbili za kukingama, kutoka kizingiti cha mlango hadi tuta la giaboksi.

Kabla ya kuchomelea, chomoa betri na uchungulie chini paipu za breki na petroli zinapita wapi.