Siku niliyokaripiwa sakristia

Swali la juma hili lilituuliza wasomaji: ni lini ulipojua kwamba nyumba ya ibada unayokwenda imekuwa ya kwako? Nadhani wengi watajibu kwa kutaja ubatizo, ndoa, au mazishi ya mtu wao, na sina ugomvi nao. Tukio langu ni dogo kiasi kwamba nimesita kuliandika. Nilijua Jumamosi moja ya mwezi wa Februari, saa nne asubuhi, nikiwa mbele ya sinki na mikono imelowa mpaka viwikoni, pale mama mmoja wa miaka themanini na ushei aliponikaripia kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu niondoke nyumbani kwa mama yangu mzazi.

Nimezaliwa wilayani Muheza, mkoa wa Tanga, kwenye vijiji vilivyopokea Ukristo kutoka kwa wamisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, wale waliofika Magila kabla Wajerumani hawajaitawala pwani yetu. Kwetu ibada ya Jumapili ni Misa, anayeiongoza ni padre, na ubani si jambo la kubishania. Sasa ninaishi katika mji wa wastani jimboni Ohio, Marekani, ninafanya kazi ya zamu ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee, na ninasali katika parokia ya Kanisa la Episkopali, ambalo ndilo kanisa la Kianglikana la nchi hii. Jina hilo maana yake ni kanisa lenye maaskofu. Walilichukua baada ya kujitoa chini ya mfalme wa Uingereza, kwa kuwa hawakuweza tena kujiita Kanisa la Uingereza.

Mara ya kwanza nilipoingia, mwili wangu uliijua ibada kabla masikio hayajazoea lafudhi. Nilijua wapi pa kusimama, wapi pa kupiga magoti, na padre aliposema kwa Kiingereza kwamba Bwana awe nasi, mdomo wangu ulijibu kwa Kiswahili bila kuniuliza. Hata hivyo ugeni haukuisha. Kwa muda wa mwaka mmoja na miezi kadhaa watu walinipokea kwa adabu isiyo na doa: walinishika mkono wakati wa kupeana amani, walinikaribisha kahawa ukumbini baada ya ibada, waliniuliza Tanzania imepakana na nchi zipi, na Jumapili iliyofuata mtu mwingine, au mara mojamoja yule yule, aliniuliza kama ndiyo mara yangu ya kwanza kufika. Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nilikaa siku mia nne na zaidi, na hakuna aliyenionyesha hata mpini. Sisemi kwamba walikuwa na nia mbaya, kwa sababu baadaye niliambiwa kwamba walinihurumia kwa kuwa ninatoka kazini alfajiri na hawakutaka kunitwika mzigo. Ila adabu ya namna hiyo ikizidi, humwacha mtu barazani.

Jembe lilipatikana kwa ajali ya mtu mwingine. Mmoja wa akina mama wanaoandaa altare aliteleza kwenye barafu akavunjika nyonga, na padre wetu akatangaza kwamba anahitajika mtu wa kushika nafasi yake siku za Jumamosi. (Padre wetu ni mwanamke. Kanisa hili liliruhusu rasmi upadre wa wanawake mwaka 1976, lakini ulimi wangu wa Muheza ulishindwa kabisa, kwa kuwa kwetu padre huitwa Baba. Nikaishia kumwita Mchungaji kama Waanglikana wa Dodoma, ambao hawakuletewa Ukristo na UMCA, na yeye hajui kwamba hapo pana historia nzima ya misheni mbili tofauti.) Nyumbani kazi ya vitambaa vya altare ilikuwa ya masista na ya akina mama wa Umoja wa Mama, nasi wanaume hatukujua hata vinafuliwa wapi. Niliinua mkono kwa sababu hakuna mwingine aliyeinua, na kwa sababu nilikuwa nimechoka kuulizwa kama ni mara yangu ya kwanza.

Mwalimu wangu alikuwa yule mama niliyemtaja. Huku kila mtu huitwa kwa jina lake la kwanza, mkubwa kwa mdogo, jambo lililonishinda kwa mtu wa umri wake. Nikamwita Mama, akafikiri kidogo, akasema hilo linafaa. Alinionyesha kitambaa cha mraba kinachotandikwa chini ya kikombe na sahani, jinsi kinavyokunjwa sehemu tatu kwa upana na sehemu tatu kwa urefu, kikielekezwa ndani, ili chembe yoyote ya mkate iliyodondoka ibaki kifuani mwa kitambaa isianguke chini. Alinionyesha vile vidogo vya kufutia kikombe, ambavyo hurudi vikiwa na alama za divai na rangi za midomo ya waumini, kila mmoja na yake, na ambavyo lazima vipigwe pasi vikiwa bado na unyevunyevu, la sivyo kitani hugoma kunyooka. Nta ya mshumaa huondolewa kwa kuwekewa karatasi juu na pasi ya moto kupitishwa taratibu mpaka karatasi inyonye. Nilijiona fundi kabla sijawa fundi.

Sakristia ile, yaani chumba cha kuandalia vitu vya ibada, ina sinki mbili. Moja ni ya kawaida, na nyingine ina kifuniko, na bomba lake la kutolea maji haliendi kwenye mtaro wa maji machafu bali linashuka moja kwa moja udongoni. Jumamosi ile ya Februari bomba hilo lilikuwa limeganda kwa baridi. Nikaona la busara ni kutumia sinki ya kawaida. Nikaviweka vitambaa, nikafungua maji. Hapo ndipo alipopaza sauti. Aliniuliza kama nilikotoka watu humwaga Damu ya Bwana pamoja na maji ya kuoshea vikombe vya kahawa. Alisema alikwisha kunieleza, na ni kweli alikwisha kunieleza, kwamba maji ya kwanza ya kusuuzia, yale yanayobeba tone la divai iliyowekwa wakfu na chembe ya mkate uliowekwa wakfu, hurudishwa ardhini na hayachanganywi na uchafu. Kisha akachukua beseni, akaninyoshea bila neno. Tukaenda wote nyuma ya kanisa, yeye amenishika mkono asianguke, tukamimina maji yale ya vuguvugu penye shina la mti uliopukutika majani, theluji ikazama na kufanya shimo la rangi ya udongo, mvuke ukapanda usoni mwetu.

Nikiwa nimesimama pale, vidole vinauma kwa baridi, niligundua kwamba ninatabasamu. Mgeni hakaripiwi. Mgeni akivunja sahani huambiwa haidhuru, na akiondoka wenyeji hufagia vigae. Mama yule alikuwa ameniona kama mtu ambaye kosa lake ni kosa la nyumba.

Tangu hapo nimejiuliza kwa nini parokia hizi huendeshwa kwa mikono ya watu wa kawaida kiasi hiki, na jibu nililolipata limo katika historia yao. Waanglikana walifika Virginia mwaka 1607, na kwa zaidi ya miaka 170 hawakuwa na askofu hata mmoja upande ule wa bahari. Kijana aliyetaka upadre alipanda meli kwenda Uingereza, na wengine hawakurudi. Katika muda huo wote waliolinda majengo, kukusanya fedha na kutafuta mapadre walikuwa wazee wa kanisa na halmashauri zao. Askofu wao wa kwanza, Samuel Seabury, alikwama London kwa kuwa hakuweza kula kiapo cha utii kwa mfalme, akawekwa wakfu na maaskofu wa Scotland mjini Aberdeen, Novemba 1784. Sisi wa UMCA ni kinyume chake kabisa: misheni yetu ilitangulizwa na askofu, Mackenzie, mwaka 1861, na ilipohamia Unguja mwaka 1864 iliongozwa na askofu mwingine, Tozer. Sisi tulianza na askofu, wao walianza na halmashauri, na tofauti hiyo ingali ikionekana. Nyumbani askofu humhamisha padre, nasi tunampokea anayeletwa. Huku padre akiondoka, parokia yenyewe huunda kamati, hujieleza kwa maandishi ni watu wa namna gani, huwahoji wanaoomba, na ndipo askofu hutoa kibali. Shughuli hiyo yaweza kuchukua mwaka na zaidi, na katika muda huo vitambaa vinaendelea kufuliwa. Hata katekisimu iliyo ndani ya Kitabu cha Sala chao cha mwaka 1979, inapouliza wahudumu wa Kanisa ni akina nani, inawataja walei, yaani waumini wasio na daraja, kwanza, kisha maaskofu, mapadre na mashemasi.

Sisifu kila kitu. Mkutano mkuu wa mwaka, mwezi wa Januari, ni mrefu na unachosha, na ukisikiliza mjadala wa gharama za gesi ya kupashia jengo joto unaweza kudhani tumekusanyika kwa ajili ya bomba. Ahadi za sadaka huandikwa kwenye karatasi na kutiwa ndani ya bahasha, na hakuna ajuaye jirani yake ameahidi nini. Ninaukumbuka mnada wetu baada ya Misa, kuku amefungwa miguu, mkungu wa ndizi, mayai kwenye kikapu, watu wanapandishiana bei kwa vicheko, na mjane aliyeleta mayai sita anaona kwa macho yake yanavyonunuliwa kwa bei ya mayai sitini. Furaha hiyo huku haipo, na nimewaambia.

Najua pia wasomaji wa nyumbani wana swali jingine juu ya kanisa hili, nami sitajifanya silijui. Baada ya kuwekwa wakfu mwaka 2003 kwa askofu wa New Hampshire aliyekuwa akiishi na mwanamume mwenzake, maaskofu wetu wa Tanzania walitangaza mwaka 2006 kwamba ushirika na kanisa hili umeathirika, na Februari 2007 maaskofu wakuu wa Kianglikana wa dunia walipokutana Dar es Salaam, baadhi yao walikataa kupokea Ekaristi pamoja na mwenzao wa Marekani. Mimi mwenyewe, miezi ya kwanza, nilibaki kwenye benchi wakati wengine wakienda altareni, nikisema moyoni kwamba nitaamua baadaye. Sina cheo cha kulimaliza suala hilo, na ndani ya parokia yetu yenyewe watu hawakubaliani juu ya kila jambo. Ninaloweza kusema ni kwamba nilipoanza kufua vitambaa vilivyofuta kikombe kimoja baada ya midomo ya watu wote hao, kuendelea kukaa kwenye benchi kulinishinda.

Sala pia ilibadilika. Katika maombi ya watu, mlei mmoja husoma majina ya wagonjwa yaliyochapishwa kwenye karatasi ya ibada, kisha hunyamaza, na mwenye jina jingine hulitaja kutoka alipoketi, kwa sauti au kimoyomoyo. Mwanzoni niliona ni umaskini wa sala, kwa kuwa nimelelewa na watu ambao wakimwombea mgonjwa humwombea mpaka jasho liwatoke. Mwaka juzi mama yangu aliugua figo huko nyumbani, nami sikuweza kusafiri. Niliandikisha jina lake, ambalo linaanza kwa Ng', sauti isiyopatana na ndimi za watu wa huku. Jumapili ya kwanza msomaji alilivunjavunja. Jumamosi iliyofuata nikapigiwa simu nikiwa nimelala baada ya zamu. Alikuwa msomaji wa zamu mpya, mhasibu mstaafu ambaye hatukuwa tumezungumza zaidi ya salamu, akiomba nimtamkie jina la mama yangu polepole, naye akalirudia, akakosea, akalirudia tena, kwa dakika zipatazo kumi. Kesho yake alilisoma kama mtu wa Muheza, au tuseme kama mtu wa Muheza mwenye mafua. Kikafuata kile kimya. Sikuwa na haja ya kuongeza maneno.

Sasa tunayo familia moja ya Kongo, Waanglikana wa upande wa Kivu waliopitia kambi ya Nyarugusu, Kigoma, na baba wa familia hiyo husoma somo kwa Kiswahili siku ya Pentekoste. Kiswahili chake na changu havifanani, naye hunicheka kama ninavyomcheka. Binti yake mkubwa ameanza kuja sakristia siku za Jumamosi, na halmashauri haikungoja siku mia nne kumwalika. Hilo walijifunza, nadhani, kwa gharama yangu.

Bomba lilitengenezwa majira ya kuchipua yaliyofuata. Mama yule hawezi tena kusimama muda mrefu, kwa hiyo ameletewa kiti karibu na dirisha, ambako huvikagua vitambaa vyote kimoja kimoja kwenye mwanga kabla havijaingia kabatini, na visivyomridhisha huviweka pembeni bila kusema kitu. Juma lililopita alinirudishia viwili.

Msomaji wenu, Ohio, Marekani